Mjukuu Amekuja Chome: Mtembeze Ajue Kwao



Mwezi wa Desemba shule zinafungwa. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha yanajaa watu. Katika stendi ya Same wanashuka akina baba, akina mama na watoto wenye mabegi. Wengine wanakwenda Mbaga. Wengine wanakwenda Mamba. Wengine wanapanda gari la Chome. Wote wamekuja kuwaona babu na bibi.

Labda hata wewe unangoja mgeni wa namna hiyo. Labda ni mjukuu wako mwenye umri wa miaka 8 au 10. Amezaliwa mjini. Lugha ya kwao, Chasu, haijui, au anajua maneno mawili matatu tu. Utakaa naye wiki tatu au nne. Kisha atarudi mjini, na hutamwona tena mpaka mwaka mwingine.

Utafanya naye nini siku zote hizo? Wengi wetu tunampikia mtoto chakula kizuri, halafu tunamwacha acheze uani. Siku ya tatu mtoto amechoka. Anauliza, "Bibi, tutarudi lini Dar es Salaam?"

Swali hilo linauma. Lakini mtoto hana kosa. Hajaonyeshwa kitu. Chome ina vitu vingi vya kuona. Tatizo ni kwamba wenyeji wamevizoea mpaka hawavioni tena. Mfereji ni mfereji tu. Msitu ni msitu tu. Mtoto wa mjini hajaviona, na hawezi kuviona asipopata mtu wa kumwonyesha.

Mtu huyo ni wewe. Soma makala hii, kisha chagua matembezi mawili au matatu. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji miguu, muda na maneno yako.

SIKU MBILI ZA KWANZA: BARIDI NA UCHOVU

Usianze safari siku ya kwanza. Mtoto ametoka mbali. Tena ametoka kwenye joto. Dar es Salaam mwezi wa Desemba ina joto kali, na watu wanalala madirisha wazi. Chome iko juu mlimani, chini ya kilele cha Shengena. Usiku kuna baridi, na asubuhi mara nyingi kuna ukungu.

Mtoto atakuuliza, "Babu, kwa nini huku kuna baridi, nasi tumepanda juu karibu na jua?" Ni swali zuri. Mjibu hivi. Hewa ya chini ni nzito, na inapata joto kutoka ardhini. Kila ukipanda, hewa inakuwa nyepesi na joto linapungua. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Ndiyo sababu mtu anatoka jasho stendi ya Same, na jioni ileile anaota moto Chome.

Basi mpe sweta na soksi. Mpe blanketi zito. Mpe maji yaliyochemshwa, maana tumbo la mgeni bado halijazoea maji ya hapa. Mpe makande ya moto, lakini usimlazimishe kumaliza sahani siku ya kwanza. Makande ni chakula cha mlimani. Atayazoea, na siku ya kuondoka atayaomba.

Siku hizo mbili mpeleke kwa majirani tu. Mfundishe kuamkia. Mwonyeshe: huyu ni shangazi yako, huyu ni mjomba, yule mzee ni ndugu wa babu yako. Mtoto wa mjini mara nyingi ana ndugu watano sita anaowajua. Akifika Chome anapata ndugu hamsini kwa siku mbili. Hilo peke yake ni tembezi kubwa.

SIKU YA TATU: MPE JEMBE

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni kweli hata kwa mgeni mdogo. Jembe si adhabu. Jembe ni njia ya kumwambia, "Wewe si mgeni tena. Wewe ni mwenzetu."

Mpe kazi inayolingana na umri wake. Abebe kidumu kidogo cha maji. Achume maharage. Apeleke majani kwa ng'ombe. Apalilie mstari mmoja wa mahindi pamoja na binamu zake. Mwonyeshe kahawa ikiwa mtini, maana huenda ameiona kwenye kikombe tu. Mwonyeshe mgomba, na jinsi mkungu unavyotoka.

Mwonyeshe pia makinga maji na matuta katika shamba lako. Mwambie kwa nini yapo. Shamba la mlimani limelala upande. Mvua ikinyesha, maji yanakimbia na kuchukua udongo mzuri. Matuta na majani vinazuia udongo usiende. Mtoto akijenga tuta moja kwa mikono yake, mwakani atakuja mbio kulitazama kama bado lipo.

TEMBEZI LA KWANZA: FUATA MAJI

Tembezi hili ni la asubuhi moja. Chukua mtoto, mshike mkono, mfuate mfereji kutoka shambani mpaka unakoanzia.

Wapare ni watu wa mifereji tangu zamani. Kabla ya bomba na kabla ya saruji, wazee walikata mifereji kwenye ubavu wa milima. Waliyapima maji kwa macho na kwa hatua. Mfereji ukiwa na mteremko mkali, maji yanakula udongo. Ukiwa tambarare mno, maji yanalala. Walijua mteremko unaofaa bila kifaa chochote cha dukani.

Katika vijiji vingi vya Upare utaona pia ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe. Siku hizi baadhi yake yametiwa saruji. Maji ya mfereji huingia ndani ya ndiva usiku kucha watu wakiwa wamelala. Asubuhi ndiva imejaa. Mlango wake unafunguliwa, na maji yanatoka kwa nguvu mpaka mashamba ya mbali. Maji machache ya kijito yasingefika huko. Yangenywewa na udongo njiani. Lakini yakikusanywa usiku mmoja, yanafika. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwambie mtoto kwamba maji hayo yana zamu. Leo ni shamba la huyu, kesho ni shamba la yule. Anayeiba zamu anaitwa mbele ya wenzake. Ndiva ikijaa tope, watu wote wanaitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Wanatoa tope, wanaziba nyufa, kisha wanarudi nyumbani. Asiyefika bila sababu anatozwa faini.

Mtoto wa mjini anajua kwamba maji yanatoka kwenye bomba. Sasa atajua kwamba maji yanatoka kwa watu waliokubaliana.

Tahadhari: Ndiva ina kina na tope chini. Mtoto akitumbukia, miguu inanasa. Hata mtoto anayejua kuogelea baharini anaweza kufa ndani ya ndiva. Mshike mkono muda wote. Usimwache aende huko na watoto wenzake bila mtu mzima.

TEMBEZI LA PILI: MSITU WA SHENGENA

Juu ya Chome kuna msitu mkubwa. Zamani uliitwa msitu wa akiba. Leo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, na unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Eneo lake ni zaidi ya hekta 14,000. Hekta moja ni kubwa kuliko kiwanja cha mpira. Basi fikiri viwanja zaidi ya 14,000 vya miti.

Ndani ya msitu kuna kilele cha Shengena, chenye urefu wa mita 2,462 hivi kutoka usawa wa bahari. Hakuna kilele kingine kirefu kuliko hicho katika milima yote ya Upare. Siku isiyo na mawingu mtu akiwa juu anaweza kuona Mlima Kilimanjaro.

Usimpeleke mtoto mdogo mpaka kileleni. Ni safari ndefu, na njia inateleza wakati wa mvua. Kijana wa miaka 14 mwenye nguvu anaweza kwenda na watu wazima wanaoijua njia. Mtoto wa miaka 8 anatosheka na saa moja au mbili ndani ya msitu. Kabla ya kwenda, fika kwanza ofisi ya hifadhi. Uliza utaratibu, uliza kiingilio, omba mtu wa kuwaongoza. Msitu wa hifadhi hauingiwi kama shamba la jirani.

Mkifika ndani, simameni kimya. Mwambie mtoto asikilize. Mwachie muda. Kwanza atasema hasikii kitu. Baadaye atasikia maji, kisha ndege, kisha matawi yakivunjika juu. Huenda ni kima. Huenda ni mbega, mwenye manyoya marefu meusi na meupe.

Kuna ndege mmoja mdogo wa kumtafuta. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni la kijivu, na jicho lake limezungukwa na duara jeupe kama amevaa miwani. Ndege huyu anaishi katika milima ya Upare Kusini tu. Hapatikani Kilimanjaro. Hapatikani Usambara. Hapatikani Ulaya wala Marekani. Wataalamu wa ndege wanavuka bahari ili waje kumwona. Mjukuu wako anaweza kumwona kabla ya chakula cha mchana. Na msitu huu ukiisha, ndege huyu hana pa kuhamia.

Kwa nini viumbe kama hawa wanapatikana hapa tu? Milima ya Upare ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Milima hii inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Upare na Usambara, mpaka Udzungwa. Ni milima ya zamani sana. Pepo kutoka Bahari ya Hindi zinaleta unyevu, zinagonga milima, zinapanda juu, zinapoa, na mvua inanyesha. Kwa hiyo misitu imedumu hapa miaka mingi mno, huku tambarare zikiwa kavu. Kila mlima umekuwa kama kisiwa. Viumbe waliobaki juu ya kisiwa hicho wamekuwa tofauti na wale wa kisiwa kingine.

Sasa mwulize mtoto swali moja. "Lile bwawa la jana, maji yake yanatoka wapi?" Mwache afikiri. Majani na mboji ya msitu vinanyonya mvua kama sifongo. Kisha vinaitoa kidogo kidogo mwaka mzima. Maji ya upande wa Chome yanashuka kuelekea Makanya. Maji ya Mto Hingilili yanashuka Gonja Maore. Maji ya Yongoma yanashuka Ndungu, ambako wakulima wanalima mpunga katika nchi kavu. Mtu anayekata mti juu hamwoni mtu aliyekosa maji chini. Lakini wameunganishwa na kijito kimoja.

Sheria za tembezi hili ni chache. Msikate kitu. Msiwashe moto. Msimtupie mnyama jiwe. Rudini na takataka zenu. Moto mdogo wa kupashia chakula unaweza kula mlima. Oktoba 2020 moto uliunguza sehemu kubwa ya vichaka vya Mlima Kilimanjaro, na mamia ya watu walipanda kuuzima.

SIKU YA MVUA KUBWA

Desemba ni wakati wa mvua za vuli. Mvua ikinyesha usiku kucha, ahirisheni tembezi. Msivuke mto uliojaa. Msipite chini ya ubavu wa mlima ulioachwa wazi bila miti, na msikae hapo kungoja mvua ipite.

Neno hili si la kutishia watoto. Novemba 2009 ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, katika wilaya yetu hii ya Same. Watu zaidi ya 20 walifukiwa wakafa. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi, udongo ukashiba maji, mlima ukateleza. Ukiona nyufa mpya ardhini, au miti imeanza kuinama, au maji ya chemchemi yamegeuka tope ghafla, hamisha watu wa nyumba yako na mwarifu mwenyekiti wa kijiji mara moja.

Siku kama hiyo kaa na mtoto jikoni. Chambueni maharage. Mfundishe majina ya vyombo kwa lugha ya kwao. Siku ya mvua si siku iliyopotea.

TEMBEZI LA TATU: SIKU YA GULIO

Mpeleke mtoto gulioni. Mpe fedha kidogo, umwambie anunue mwenyewe. Anunue fungu la ndizi, au parachichi, au tangawizi. Tangawizi ya Mamba Miamba inajulikana mpaka nje ya mkoa wa Kilimanjaro. Mwache ahesabu chenji.

Mwonyeshe jinsi mlima na tambarare vinavyolishana. Mlima unatoa maharage, ndizi na mboga. Tambarare inatoa mchele, vitunguu na mifugo. Hakuna upande unaojitosheleza. Mwambie pia kwamba hata ndizi anayonunua sokoni Dar es Salaam ina mwenye shamba. Kuanzia siku hiyo hataona ndizi kwa macho yaleyale.

Mpangie kazi moja: aandike bei ya vitu vitano vya gulioni. Akirudi mjini, aandike bei ya vitu hivyohivyo huko. Kisha akuandikie barua au akupigie simu akueleze tofauti. Hesabu hiyo itakufaa hata wewe mkulima.

TEMBEZI LA NNE: SAME, MJI WENYE HISTORIA

Mtoto ataupita mji wa Same mara mbili, akija na akirudi. Wengi wanaona stendi tu, na vumbi, na wauza maji. Mwambie mambo yaliyotokea hapo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, wakubwa waliamua kuongeza kodi mpya Upare, juu ya kodi iliyokuwapo. Kodi hiyo iliitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa kwa mali yake, na watu waliona makadirio hayo si ya haki. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani kwa miguu. Walikwenda Same, kwenye makao makuu ya wilaya. Hawakuchukua mikuki. Walikaa, wakangoja kujibiwa. Mwaka 1946 wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Mwishowe kodi ile ikaondolewa.

Simama na mtoto barabarani Same, umwonyeshe milima. Mwambie, "Walitoka kule juu. Walitembea mpaka hapa. Huenda mmoja wao alikuwa wa ukoo wetu." Hiyo ni historia ambayo ina miguu. Mtoto hataisahau.

Unajuaje kwamba mambo hayo ni kweli? Yameandikwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu juu ya mbiru, na kingine juu ya historia ya Wapare. Alifanya nini ili kuandika? Aliwaendea wazee, akawauliza, akawasikiliza. Wazee hao wengi hawakujua kusoma. Lakini walikuwa na kumbukumbu.

Ukiwa na nafasi, mpeleke mtoto pia Mbaga, kwenye mapango ya Mghimbi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 watu walijificha humo wakati wa uvamizi wa biashara ya utumwa. Mwambie mtoto ukweli, lakini kwa kiasi cha umri wake. Mwambie kwamba watu waliteswa, na kwamba watu walisaidiana kujificha. Maneno yote mawili ni ya lazima. Ukimwambia la kwanza tu, atalala na hofu.

TEMBEZI LA TANO: WANYAMA WA MKOMAZI

Tembezi hili linataka fedha na gari, kwa hiyo ni la familia zinazoweza kuchangishana. Karibu na mji wa Same kuna lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Zamani lilikuwa pori la akiba. Limekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008. Upande wa pili limepakana na Tsavo, Kenya, na tembo huvuka mpaka bila pasipoti.

Humo kuna twiga, pundamilia, choroa na swala twiga. Swala twiga ana shingo ndefu, na husimama kwa miguu ya nyuma ili ale majani ya juu. Kuna pia faru weusi. Majangili walikuwa wamewamaliza kabisa Mkomazi. Kuanzia mwaka 1997 faru wengine waliletwa kutoka Afrika Kusini, na wakawekwa ndani ya uzio wenye ulinzi. Wamezaana.

Watalii wanatoka mbali sana kuona wanyama hawa. Wapo watoto wa Same ambao hawajawaona hata mara moja. Watanzania wana kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje. Ulizeni kiasi chake langoni au katika ofisi ya hifadhi, kisha familia tatu au nne zikodi gari moja. Anzeni kuweka fedha kidogo kidogo tangu Juni.

JIONI: DAFTARI LA LIKIZO

Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko matembezi yote.

Nunua daftari moja la kurasa chache. Kila jioni kaa na mjukuu wako karibu na moto. Yeye aandike alichoona. Wewe umsimulie, naye aandike ulichomsimulia. Kisha mbadilishane. Yeye asome, halafu wewe usome.

Labda wewe umejifunza kusoma ukubwani, na unaona haya kusoma polepole mbele ya mtoto. Usione haya. Mtoto akiona bibi yake anafuata herufi kwa kidole, anajifunza kwamba elimu haina mwisho. Yeye anajua kusoma haraka. Wewe unajua mambo ya kuandikwa. Mkikaa pamoja, kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi.

Mwandikishe mambo haya:

1. Jina lako, la baba yako, la babu yako, na la baba wa babu yako. Vivyo hivyo upande wa mama.
2. Nani alichimba mfereji unaopita shambani kwenu.
3. Mipaka ya shamba la familia: mti gani, jiwe gani, kijito gani.
4. Majina ya miti kumi kwa lugha ya kwenu, na kazi ya kila mti.
5. Hadithi moja uliyosimuliwa ukiwa mtoto.

Angalia namba 3. Familia nyingi zinagombana juu ya mipaka mzee akishafariki. Watoto wako mjini, hawajui shamba linaanzia wapi. Mwenye kujua amelala kaburini. Mjukuu aliyetembea mpakani na babu yake, akaandika, ni shahidi wa kesho. Daftari si hati ya ardhi, na hati ifuatwe katika ofisi ya kijiji. Lakini mtoto asiyejua mpaka hatajua hata hati inasema nini.

Vijana wetu wanahama. Wanafuata shule, wanafuata kazi, na hatuwezi kuwazuia. Wengine watarudi na wengine hawatarudi. Lakini mtu hawezi kurudi mahali asipopajua. Mtoto aliyekaa uani wiki nne atakumbuka baridi tu. Mtoto aliyefuata mfereji, aliyesikia mbega, aliyejenga tuta, aliyeandika jina la baba wa babu yake, huyo ana sababu ya kurudi. Na siku watu watakapotaka kukata ule msitu, atakuwa mtu mzima. Labda atakuwa ofisini, labda atakuwa bungeni, labda atakuwa mkulima hapahapa Chome. Atajua kwamba maji ya ndiva yanatoka wapi.

KABLA YA SAFARI, KUMBUKA

Mwarifu mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Chukua maji ya kunywa, chakula kidogo, sweta na kitu cha kujikinga na mvua. Mvalishe mtoto viatu vinavyofunika mguu. Tembea kwa mwendo wa mtoto, usitembee kwa mwendo wako. Akichoka, pumzikeni. Rudini kabla giza halijaingia.

ZUNGUMZENI

Mkimaliza kusoma makala hii nyumbani au katika darasa lenu, zungumzeni maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, ni mahali gani pa kumpeleka mtoto mgeni? Tajeni matatu.
2. Ni hatari gani zilizopo mahali hapo, na tutazizuiaje?
3. Mzee gani kijijini anajua historia ambayo haijaandikwa bado?
4. Nani atakwenda kumwandika, na lini?

Swali la nne lisipite bila jibu. Andikeni jina la mtu na tarehe.